Mshahara Haununui Ushahidi

Ndugu mmoja, aliyeingia katika Jumuiya si muda mrefu uliopita, alitujia na swali ambalo tukilitazama vema tutaona kwamba si lake peke yake. Yeye alikuwa mtunza ghala. Siku moja lori lilileta saruji. Hati ya kupokelea mali ilisema mifuko 200, naye alipohesabu akaona mifuko 160. Alipokwenda kumwarifu mkubwa wake wa kazi, aliambiwa: "Tia sahihi, kijana wangu, hayo mengine niachie mimi." Akaomba apewe muda mpaka asubuhi. Usiku ule hakupata usingizi.

Akatuambia: "Kabla sijawa Mwahmadiyya ningetia sahihi na jambo lingekwisha. Sasa ninafundishwa kwamba Mwislamu hasemi uongo, na tena ninafundishwa kwamba Mwislamu huwatii wenye mamlaka juu yake. Huyu ni mwenye mamlaka juu yangu, naye ndiye anipaye mshahara ninaowalishia watoto. Je, nimtii nani?"

Wako watu ambao hulijibu swali kama hili kwa wepesi. Mmoja husema: "Mtumishi ni mtumishi, dhambi iko juu ya aliyeamuru." Mwingine husema: "Sema kweli, na lolote liwe." Jibu la kwanza linasahau kwamba mkono unaotia sahihi ni wa mtumishi mwenyewe, wala hautakuwa wa mwingine Siku ya Hukumu. Jibu la pili linakaribia haki zaidi, lakini linasahau kwamba utii nao umeamrishwa, na kwamba mtu anaweza kuitetea kweli kwa njia ya fujo na kiburi, akaiharibu. Basi yatupasa tuangalie kwa makini mpaka wa utii uko wapi, na kweli husemwa namna gani.

Utii una mpaka wake

Kurani Tukufu katika sura Annisaa, aya ya 60, inawaamuru waaminio wamtii Mwenyezi Mungu, wamtii Mtume, na wawatii wenye mamlaka. Kisha inasema kwamba wakihitilafiana katika jambo lolote walirudishe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Msomaji atazame mpango wa amri hii. Utii wa tatu umewekwa chini ya ule wa kwanza na wa pili, nao ndio mizani ya kuupimia. Mwenye mamlaka anatiiwa kwa kuwa Mungu ameamuru atiiwe; basi atawezaje kutiiwa katika jambo ambalo Mungu amelikataza? Huko ni sawa na kukata tawi ulilokalia.

Mtukufu Mtume (s.a.w.) alilifafanua jambo hili kwa tukio lililopokewa katika hadithi sahihi. Alituma kikosi chini ya amiri mmoja miongoni mwa Ansari, akawaamuru wamtii. Njiani amiri yule aliwakasirikia watu wake, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Baadhi yao wakakusudia kuingia. Wengine wakasita, wakisema kwamba walimfuata Mtume ili waepukane na moto. Habari ilipomfikia Mtukufu Mtume (s.a.w.) alisema kwamba lau wangeuingia moto ule wasingetoka humo kamwe, kwani utii ni katika mambo mema tu.

Sisi Waahmadiyya tunao ushahidi mwingine ulio karibu zaidi nasi. Masharti 10 ya baiati aliyoyatangaza Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), mwezi Januari 1889 ndiyo ambayo kila aingiaye katika Jumuiya huahidi kuyashika. Sharti la pili linatutaka tujiepushe na uongo na hiana, na papo hapo linatutaka tujiepushe na fujo na uasi. Mambo haya yamekaa katika sharti moja, kama kwamba yametazamia swali la ndugu yetu. Na katika sharti la 10, hata utii anaoahidiwa Masihi mwenyewe, aliyetumwa na Mungu, umefungwa kwa neno moja: utii katika kila jambo jema. Ikiwa ahadi tuliyompa mjumbe wa Mungu ina mpaka huu, je, meneja wa ghala atadai utii usio na mpaka?

Mshahara hununua nini?

Sasa na tuchunguze mapatano yenyewe ya kazi. Mtu anapoajiriwa huuza nini? Huuza saa zake, nguvu zake na ujuzi wake. Katika hayo mwajiri ana haki kamili, na mfanyakazi anayechelewa, anayelala kazini, au anayetumia mali ya kazi kwa mambo yake binafsi, ni mwizi wa kitu alichokwisha kukiuza. Jambo hili nalo lazima lisemwe kwa nguvu, kwa sababu wako wanaojiita watetezi wa haki hali hawatimizi hata nusu ya kazi waliyolipwa.

Lakini ushahidi si mali ya mfanyakazi hata aweze kuuuza. Sahihi iliyo chini ya hati ya kupokelea mali ni ushahidi, na ushahidi huo wanadaiwa watu wengine. Mwenye hesabu atausoma na kulipa fedha kwa kuuamini. Mwenye mali atausoma na kudhani kwamba anayo mifuko 200. Fundi ataletewa saruji pungufu, na mwisho wake yuko mtu atakayelala chini ya dari iliyojengwa kwa saruji hiyo. Wote hao wamemwekea mtunza ghala amana bila kumjua hata kwa jina. Naye mkubwa wake anapomwambia atie sahihi, anamtaka amwuzie kitu ambacho ni cha watu hao, na mtu hana ruhusa ya kuuza kitu cha mwenziwe.

Hii ndiyo sababu kila kazi yenye elimu ndani yake ina miiko yake. Daktari huajiriwa na hospitali, lakini cheti cha ugonjwa anachokiandika ni ushahidi. Mwalimu huajiriwa na shule, lakini alama anazozitoa ni ushahidi. Mkaguzi wa hesabu hulipwa na kampuni ileile anayoikagua, lakini taarifa yake ni ushahidi kwa watu walio nje ya kampuni. Watu hawa wote ni watumishi katika mambo mengi, na katika jambo hili moja ni mashahidi. Na Kurani Tukufu katika sura Annisaa, aya ya 136, inawataka waaminio wawe wasimamizi wa haki na mashahidi kwa ajili ya Mungu, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, au wazazi, au jamaa zao, akiwa mhusika ni tajiri au ni maskini. Ikiwa baba na mama hawakuachwa nje ya amri hii, mwajiri ataachwaje?

Usiku mmoja wa mwaka 1986

Labda msomaji atasema kwamba mifuko 40 ya saruji ni jambo dogo. Basi na tutazame jambo kubwa, tuone kama kanuni yake si ileile.

Tarehe 28 Januari 1986, huko Florida katika Marekani, chombo cha anga kiitwacho Challenger kilirushwa kikiwa na watu 7 ndani yake, mmoja wao mwalimu wa shule. Baada ya sekunde 73 kilivunjika angani, na wote 7 wakafa. Roketi zilizokisukuma zilikuwa zimeungwa vipande vipande, na viungo vyake vilizibwa kwa pete kubwa za mpira. Mpira ukipata baridi huwa mgumu, hauwahi kuziba nafasi kwa upesi unaotakiwa. Na usiku wa kuamkia siku ile baridi ilikuwa kali kiasi cha maji kuganda.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wenye ujuzi walijua hatari hiyo. Jioni ya tarehe 27 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi zile, walizungumza kwa simu na maofisa wa shirika la anga la Marekani. Miongoni mwao alikuwamo Roger Boisjoly, ambaye tangu mwaka uliotangulia alikuwa akionya kwa maandishi juu ya pete zile. Walishauri kwamba chombo kisirushwe katika baridi iliyopita kipimo cha digrii 12 hivi za Selsiasi, yaani baridi kali kuliko zote walizokwisha kuzijaribu. Maofisa hawakupendezwa. Wakuu wa kampuni wakaomba nafasi ya kushauriana peke yao. Na katika mashauriano hayo mkuu mmoja alimtaka mkuu wa wahandisi avue kofia yake ya uhandisi na kuvaa ya umeneja. Akaivua. Shauri likageuzwa, na kibali kikatiwa sahihi. Allan McDonald, aliyekuwa mwakilishi wa kampuni huko Florida, alikataa kuweka sahihi yake, hata ikabidi kibali kitiwe sahihi na mkuu mwingine kutoka Utah.

Wachunguzi wa ajali hiyo, chini ya uongozi wa William Rogers, walitoa taarifa yao mwezi Juni 1986. Hawakuilaumu pete ya mpira peke yake, bali walieleza pia kwamba namna ya kukata shauri ilikuwa na kasoro. Nasi tujifunze mambo mawili hapa. Kwanza, hakuna mtu usiku ule aliyetaka kuua. Walitaka kutimiza ratiba na kumridhisha mteja, na mauti yakapitia katika mlango huo. Pili, swali liligeuzwa. Ilikuwa desturi kumwuliza mhandisi athibitishe kwamba ni salama. Usiku ule walitakiwa wathibitishe kwamba si salama. Mkubwa anapoanza kumdai shahidi namna hii, huwa amekwisha kuamua, na anachokitafuta ni sahihi tu.

Kweli na adabu yake

Lakini je, kila mtu akishika dhamiri yake mwenyewe, kazi itaendaje? Hili ni pingamizi la haki, na wala tusilipuuze. Yuko mtu ambaye kila amri asiyoipenda huiita dhuluma, na kila kiburi chake hukiita dhamiri.

Jibu la pingamizi hili tunaweza kuliona katika maisha ya Hazrat Chaudhry Muhammad Zafrulla Khan (r.a.), sahaba wa Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya The Hague kuanzia 1954 hata 1961, na tena kuanzia 1964 hata 1973. Ethiopia na Liberia zilikuwa zimeishtaki Afrika Kusini mwaka 1960 kwa namna ilivyoitawala nchi ambayo sasa ni Namibia. Kabla shauri halijasikilizwa katika sehemu yake ya mwisho, Rais wa Mahakama alimweleza Zafrulla Khan kwamba haifai aketi, kwa kuwa aliwahi kutajwa na washtaki kuwa jaji wao wa muda, ingawa hakupata kuikalia nafasi hiyo. Yeye hakukubaliana na sababu hiyo, lakini hakuketi. Tarehe 18 Julai 1966 majaji waligawanyika 7 kwa 7, na kwa kura ya ziada ya Rais shauri la washtaki likatupwa. Afrika nzima ilihuzunika.

Miaka 5 baadaye jambo la Namibia lilirudi katika Mahakama ileile, na safari hii Zafrulla Khan mwenyewe ndiye aliyekuwa Rais. Serikali ya Afrika Kusini ikapinga asiketi, yeye pamoja na majaji wengine 2. Mahakama iliyapima mapingamizi hayo kwa sheria, ikayakataa, naye akaketi. Tarehe 21 Juni 1971, kwa kura 13 dhidi ya 2, Mahakama ilitoa rai kwamba kuendelea kuwako kwa Afrika Kusini katika Namibia ni kinyume cha sheria.

Tazama tofauti iliyomo. Mwaka 1966 aliambiwa anyamaze katika jambo la utaratibu, naye hakukubaliana na sababu iliyotolewa. Lakini hakuambiwa aseme uongo, wala hakutakiwa atie sahihi hukumu asiyoiamini. Hapo alivumilia. Mwaka 1971 sheria ilimruhusu kuketi, naye hakukimbia kiti kwa kuogopa lawama za wakubwa wa dunia. Basi huu ndio mpaka tuliokuwa tukiutafuta. Mkubwa wako akikunyima nafasi, akikuhamisha, akikataa shauri lako jema, una ruhusa ya kueleza rai yako kwa adabu, kisha utii. Hayo ni yake kuyaamua, hata akikosea. Akikutaka useme lisilokuwa, hapo hana amri.

Na hata hapo, ukataaji una adabu yake. Kwanza, mhakikishe jambo lenu; hesabu tena mifuko. Pili, mwambie mkubwa wako faraghani, pasipo kumfedhehesha, kwani pengine hajui, au amekosea. Tatu, kataa jambo lile moja tu, na katika mengine yote uzidishe bidii, ili asipate kusema kwamba dini yako ni kisingizio cha uvivu. Nne, usiharibu mali, usichochee fujo, wala usieneze habari kwa kulipiza kisasi. Tano, ikiwa watu wengine wamo hatarini, peleka jambo hilo kwa aliye juu yake kwa njia iliyowekwa. Kwani kunyamaza nako kwaweza kuwa ushahidi wa uongo.

Neno kwa wenye vyeo

Mpaka hapa tumezungumza na walio chini. Lakini amri ya haki imewaelekea kwanza walio juu, na wasomaji wetu wengine ni wasimamizi, walimu wakuu na wenye maduka.

Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, akusanye sadaka. Aliporudi alitoa mali, akasema kwamba hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza mbele ya watu: kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, akaona kama angeletewa zawadi au la? Hiki ni kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukitumia. Ewe mwenye cheo, kila bahasha, kila kitoweo cha mwaka, kila "asante" inayoletwa mlangoni pako, iulize: je, ungenijia kama ningekuwa nimekaa nyumbani kwa mama yangu?

Tena Hazrat Abubakar (r.a.) alipochaguliwa kuwa Khalifa, katika hotuba yake ya kwanza aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyoshe akikosea. Hakuona kwamba ukhalifa wake utapungua kwa kuambiwa kweli. Wakubwa wengi siku hizi hulalamika kwamba watu wa chini yao huwaficha mambo. Na wajiulize ni nani aliyewafundisha kuficha. Meneja anayemkaripia aletaye habari mbaya ataletewa habari njema tu, mpaka siku ghala litakapokuwa tupu. Na anayewapa vyeo watu wa ukoo wake, wa kabila lake, au hata wa dini yake, na kuwapita waliostahili, amevunja amri iliyomo katika sura Annisaa, aya ya 59, ya kuwapa amana wanaostahiki. Wakuu wa Makureshi walipotaka mwanamke mtukufu wa Bani Makhzum asiadhibiwe kwa wizi, Mtukufu Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba mataifa yaliyotangulia yaliangamia kwa kuwasamehe wakubwa na kuwaadhibu wanyonge, na kwamba hata binti yake Fatima asingesamehewa. Sisi tunasamehe mpaka shemeji!

Na rizki je?

Tumebakiwa na sehemu nzito ya swali, nayo ni watoto.

Seyidna Ahmad (a.s.), kabla hajadai jambo lolote, alishtakiwa kwa kutia barua ndani ya bahasha ya makala aliyoipeleka kuchapwa Amritsar, jambo lililokuwa kosa katika sheria ya posta. Mawakili walimwambia kwamba hakuna wokovu isipokuwa kukana. Alikataa, akasimama mbele ya hakimu Mwingereza akakiri kwamba barua ni yake na ndiye aliyeitia, lakini si kwa nia ya kuidhulumu serikali. Hakimu akamwachilia.

Hata hivyo tusimdanganye mtu aliye mgeni katika imani kwamba kila msema kweli huachiliwa. Allan McDonald alishushwa cheo kwa kuwaeleza wachunguzi kweli yote, na akarudishwa tu baada ya wabunge wa Marekani kuingilia kati. Roger Boisjoly alitengwa na wenziwe, akaiacha kazi ile. Ahadi ya Mungu kwa wakweli ni ya hakika, lakini hakutuahidi kwamba itatimizwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndugu yetu alirudi asubuhi ile, akahesabu mara ya pili, akaandika "160" kwa mkono wake, kisha akatia sahihi. Mkubwa wake hakusema neno. Mkataba ulipokwisha, haukufanywa upya. Alikaa bila kazi ya kudumu kwa miezi kadhaa, akifanya vibarua. Sasa anatunza daftari katika duka moja kwa mshahara ulio mdogo kuliko ule wa kwanza.

Katika miezi ile wanajumuiya wenziwe walichanga karo za watoto wake. Jambo hili tumelitaja makusudi. Tukiwahubiri watu waseme kweli na kisha tukawaacha walipe bei yake peke yao, mahubiri yetu yatakuwa yamepungua, kama ile saruji. Kila mmoja wetu aliye na kazi na amwulize jirani yake aliyeipoteza kwa ajili ya haki, kwani huyo amelipa kwa niaba yetu sote tunaolala chini ya dari zilizojengwa na watu tusiowajua.

Nawe, ewe msomaji mpenzi, pengine kesho utaletewa karatasi. Mtii mkubwa wako katika kila jambo jema, mwombee, na umfanyie kazi yake kama uonavyo deni. Lakini kalamu itakapofika mahali pa sahihi, kumbuka kwamba hapo si yeye anayekuajiri. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa miongoni mwa wanaosimama imara kwa haki, awape wakubwa wetu masikio ya kusikia kweli, na awafungulie milango ya rizki wale ambao mlango mmoja umefungwa mbele yao kwa ajili Yake. Amin.